Mguu Umeruka? Haya, Mwambie Auinue Tena

Nimetumiwa tena ile video ya mguu uliopooza ukiruka. Safari hii mtumaji ni kaka mtu. Mdogo wake yuko kitandani, alirushwa na bodaboda hadi mtaroni, pingili za uti wa mgongo usawa wa kifua zikavunjika, na usiku goti limejikunja lenyewe. Dada zao wanasikika wakipiga vigelegele. Chini kaandika: "Dokta, miguu imeamka!" Kisha, kama jambo dogo tu, anaongeza kwamba wameacha kumpa baklofeni, dawa ya kulegeza misuli iliyokakamaa, kwa sababu "inalegeza nguvu zinazorudi."

Jamani, hapana.

Uti wa mgongo ukiumia vibaya, sehemu iliyo chini ya jeraha huzima kwanza. Miguu inalegea, ukigonga goti kwa nyundo hupati kitu. Hali hiyo huchukua siku, mara nyingi wiki kadhaa. Ikiisha, kile kipande cha chini kinaanza kujiendesha. Shuka likigusa unyayo, taarifa inapanda hadi kwenye uti, inageuzwa hukohuko, inarudi kwenye msuli, na goti linaruka. Ubongo haukuulizwa. Mwenye mguu naye kashtuka kama ninyi. (Nina mfano wa kuku aliyechinjwa ambao wanafunzi wangu huuelewa papo hapo, ila mbele ya mama mzazi siutoi.)

Mkitaka kunifurahisha, fanyeni hivi. Ondoeni shuka, mguu utulie, mtu asiuguse. Mwambieni apandishe kidole gumba. Kikipanda, mwambieni ashushe. Halafu tena. Kikimtii, nipigieni hata saa nane za usiku. Kuna na kipimo kingine ambacho ndugu hukiona udhalilishaji na wengine hukikataa katakata: kama anahisi njia ya haja kubwa na anaweza kuikaza kwa hiari. Nakifanya kwa sababu neva za huko ndizo za mwisho kabisa kwenye uti. Ujumbe ukifika huko, jeraha halijakata kila kitu, na matumaini ni makubwa zaidi kuliko kwa goti lolote linaloruka.

Vitabu vinaitenga mikazo (misuli kujikaza yenyewe, kama goti lile) na hiari (mwendo anaouamuru mwenyewe) kana kwamba kuna ukuta katikati. Kitandani hakuna ukuta. Kwa mwenye jeraha lisilo kamili, yaani ambalo halijakata kila kitu, vyote viwili huja pamoja, na mara nyingine mimi mwenyewe nakitazama kidole kikicheza nisijue kimeamriwa au kimejichezea. Narudi kesho yake, napima tena. Wapo pia ambao mwanzoni hawakuwa na kitu, miezi baadaye wakapata kidogo. Kwa hiyo sisemi "hatatembea" kwa wepesi. Vitabu hushauri ukweli usemwe mapema. Nimeona aliyeambiwa mapema akageukia ukutani akagoma kula, na nimeona ndugu ambao hawakuambiwa chochote wakauza shamba kulipia miujiza. Kanuni sina.

Na mikazo si adui moja kwa moja. Inachelewesha misuli kusinyaa, na wapo wanaojifunza kuitumia wanapohamia kwenye kiti. Ikizidi inamtupa mtu chini, inasugua visigino, inakaza maungio. Hapo ndipo vidonge vinapoingia, na haviachwi ghafla: mikazo hurudi kwa kishindo, pengine na homa, kuchanganyikiwa, hata degedege. Mmeshaacha? Mpelekeni kwa daktari leo, msimrudishie wenyewe dozi ileile.

Kinachoniudhi hasa ni kwamba vigelegele hufuta ratiba. "Si anapona?" Basi anayepaswa kumgeuza kila baada ya saa 2 amelala fofofo, na ngozi ya makalioni inaoza bila mgonjwa kuhisi. Mbaya zaidi, mikazo ikiongezeka ghafla mara nyingi ni mwili unaolalamika kwa njia pekee uliyobakiwa nayo: kibofu kimejaa, mpira wa mkojo umejikunja, choo kimekauka, kidonda kinaanza, ukucha umeota ndani ya nyama. Ndiyo maana kaka yule nilimjibu kwa kumuuliza mkojo una rangi gani. Akanijibu, "Dokta, tunaongelea miguu." Nikamwomba picha ya mfuko. Mkojo ulikuwa mzito, umechafuka.

Na kama jeraha liko kwenye pingili ya sita ya kifua au juu yake, kichwa kikaanza kumgonga ghafla na jasho likamtoka usoni, presha inapanda kwa kasi. Mketisheni wima, legezeni nguo, kagueni mpira, na muwe njiani kwenda hospitali. Msimpe panadoli mkasubiri.

Halafu kiti cha magurudumu. Nimekikuta kimefichwa nyuma ya kabati kwa sababu kumzoesha ni "kumkatia tamaa," na kaka zake wawili wanambeba msobemsobe hadi uani. Wana mapenzi, sikatai. Lakini mabega yake yanadhoofu wakati ya kwao yanakua, na siku wakirudi kwenye shughuli zao atabaki kitandani akisubiri jioni. Kitoeni. Akae, ajinyanyue kwa mikono makalio yapumue, kila nusu saa hivi au mapema zaidi. Shati avae mwenyewe, hata uji ukipoa akiwa bado anatafuta mkono wa pili.