Laptopu Haichaji? Usikimbilie Kununua Betri

Wateja wengi wanaofika kwenye meza yangu hapa karibu na Luthuli Avenue huwa wameshajipima wenyewe na kujiandikia dawa: betri imekufa, nataka betri mpya. Mwalimu mmoja kutoka Kayole alikuja na ThinkPad iliyogoma kwenye asilimia 80. "Fundi, niuzie betri tu, nina mitihani ya kutunga." Nikamwambia, "Mwalimu, hebu tuiangalie kwanza, betri zipo, hazitoroki." Ile laptopu haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa imetoka Uingereza baada ya kutumika ofisini, na aliyeisimamia huko aliiwekea mpaka: ikifika 80, acha kuchaji. Nilipouondoa, ilipanda hadi 100.

Mpaka huo una maana yake. Betri ya lithiamu huchakaa haraka ikikaa imejaa pomoni siku nzima, hasa kukiwa na joto, kwa hiyo watengenezaji wengi huweka mpangilio wa kuizuia. Lenovo wanao ndani ya programu ya Vantage, HP wanao kwenye BIOS (mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla Windows haijawaka), na Asus wanao pia. Laptopu ikisimama kwenye namba ileile kila mara, 60 au 80, usiifungue. Tafuta mpangilio huo kwanza. Kama kazi yako ni ya mezani na chaja haitoki ukutani, mimi ningekushauri uuache hivyohivyo.

Ikiwa si hilo, fuata njia ya stima kuanzia ukutani, na betri iwe ya mwisho kushukiwa.

Soketi hujaribiwa kwa kuchomeka kitu kingine. Usisahau fyuzi ndogo iliyo ndani ya plagi ya miguu mitatu. Hiyo huungua na watu wakatupa chaja nzima. Stima dhaifu haina lawama sana, kwa sababu chaja nyingi za laptopu zimeandikwa kwamba zinapokea volti 100 hadi 240. Kinachoziua ni ule mruko wa stima inaporudi baada ya kupotea. Taa zikizima, chomoa. Stima ikirudi, subiri itulie kidogo ndipo uchomeke.

Kwenye chaja ndiko ninakopoteza muda mwingi, na ndiko ninakookoa pesa nyingi za watu. Soma kibandiko chake. Chaja ya Dell ya wati 65 huandikwa volti 19.5 na ampea 3.34, zidisha, utapata 65. Volti lazima zilingane na za laptopu. Ampea zikizidi hakuna madhara, maana laptopu huchukua inachohitaji tu. Zikipungua ndipo shida huanza: laptopu ya wati 65 ukiipa chaja ya wati 45, itawaka, lakini ukiifanyisha kazi nzito betri haitapanda, na pengine itashuka huku imechomekwa.

Sasa chukua ncha ya chaja ya Dell ya mviringo, uiangalie kwenye mwanga. Katikati kuna kisindano chembamba. Hicho hakipitishi stima ya kuchaji. Kazi yake ni kupeleka ujumbe, kuijulisha laptopu kwamba hii ni chaja ya wati kadhaa. Kikipinda, kikivunjika, au kiwaya chake kikikatika ndani ya kebo, laptopu itawaka na kukuonya kwamba haitambui aina ya chaja, itafanya kazi polepole, na itakataa kabisa kuchaji betri. Chaja nyingi za HP nazo zina kisindano cha namna hiyo. Hapa mita inaweza kukudanganya: utapima volti 19.5 safi, ukaapa kwamba chaja ni nzima, kumbe ujumbe haufiki. Njia ya uhakika ni kujaribu chaja nyingine ya aina ileile unayojua inafanya kazi. Fundi asiyefanya hivyo kabla ya kukutajia bei ya betri, mshukuru uondoke.

Wenye laptopu za USB-C, msichaji kwa chaja ya simu halafu mkalalamika. Laptopu nyingi za aina hiyo huomba volti 20, na chaja nyingi za simu haziwezi kufika hapo. Kebo nayo huhesabika. Kebo ya kawaida hubeba ampea 3, yaani wati 60 kwa volti 20. Kuzidi hapo inahitaji kebo yenye chipu ndani yake inayoitambulisha.

Tundu la kuchajia lichunguze kwa jicho na kwa mkono. Chomeka chaja, itikise taratibu, utazame taa. Ikiwaka na kuzima, mguso umelegea. Ndani ya tundu lililochoka mara nyingi utaona plastiki imegeuka kahawia upande mmoja, alama ya joto la mguso mbaya. Usiendelee kulishikilia kwa kitabu au kwa kukunja kebo, kwa sababu cheche hizo ndogo zinaweza kuishia kwenye bodi kuu ya laptopu, na bodi ni gharama nyingine kabisa. Kwenye laptopu nyingi tundu huja na kebo yake fupi, na kulibadilisha si kazi kubwa.

Chaja na tundu vikiwa sawa, zima laptopu, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30. Kidhibiti cha chaji kilichokwama mara nyingi huzinduka hapo. Uiache pia ipoe ikiwa ilikuwa juu ya blanketi. Betri ikipata joto la kama nyuzi 45, mfumo huzuia chaji kwa makusudi, na ni vizuri unavyofanya hivyo.

Sasa ndiyo tuihukumu betri, tena kwa ushahidi. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, ubonyeze Enter. Itakuonyesha mahali ilipohifadhi ripoti. Humo kuna namba mbili za kulinganisha: uwezo ambao betri ilitoka nao kiwandani, na uwezo ilio nao leo ikijaa. Kama ya kwanza ni 50,000 na ya pili ni 20,000, umebakiwa na asilimia 40, na hapo sitabishana nawe tena. Betri iliyokaa kabatini miezi mingi ikiwa tupu ni kesi nyingine: seli zake hushuka kupita kiasi na saketi ya ulinzi hujifunga. Wapo mafundi wanaoilazimisha kwa stima ya moja kwa moja. Mimi sifanyi, kwa sababu seli iliyoshuka hivyo inaweza kushika moto baadaye ikiwa kwenye mkoba wa mtu.

Ukiona tachipadi imeinuka au mfuniko wa chini umeachana, betri imevimba kwa gesi. Zima, chomoa, usiibonyeze wala kuitoboa, uilete vivyo hivyo. Isitupwe kwenye taka za ploti. Hapa Nairobi kuna WEEE Centre inayopokea taka za elektroniki.

Ukinunua mpya, linganisha namba iliyo kwenye kibandiko cha betri yenyewe pamoja na volti zake, usitegemee jina la laptopu peke yake. Na usilipe ukaondoka. Iwekwe ukiwepo, ichaji mbele yako, itolewe ripoti upya, usome zile namba mbili ukiwa bado dukani.