Kwa nini anayeelewa kila kitu kwenye grupu la Kiingereza haandiki hata neno moja?

Magrupu ya WhatsApp ya kujifunza Kiingereza yanafanana, liwe la wanachuo wa Nyegezi au la wafanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Watu wamejaa, tiki zinageuka bluu, ila wanaoandika ni wale wale. Wengine hujitokeza kwa "Asante mwalimu" na emoji ya mikono, basi. Admini akichoka hutangaza kwamba asiyechangia ataondolewa.

Tangazo hilo limejengwa juu ya dhana iliyoenea mno: mkimya ni mvivu, au hajui kitu, au amekuja kuchungulia tu. Wa namna hiyo wapo. Lakini mfuate inboksi huyo huyo mkimya, umwulize kwa Kiingereza jana alinunua nini sokoni, na mara nyingi atakujibu sentensi tatu nne, zenye makosa lakini zinazoeleweka. Kama ni uvivu, umeishia wapi ghafla? Na kama hajui, amejulia wapi ndani ya dakika mbili? Kilichobadilika ni idadi ya macho yanayomtazama, na macho yana uzito kuliko tunavyodhani.

Mwaka 1965 mwanasaikolojia Robert Zajonc alitoa hoja kwamba kutazamwa humchangamsha mtu katika jambo alilokwisha kulizoea, na humvuruga katika jambo ambalo bado analijifunza. Mwaka 1969 yeye na wenzake waliipima hoja hiyo kwa mende. Ndiyo, mende. Waliwasha taa kali mwanzo wa njia ili mende wakimbilie gizani, na kandokando wakapanga visanduku vyenye mende wengine, watazamaji. Njia ilipokuwa imenyooka, mende aliyekuwa na watazamaji alikimbia haraka zaidi. Ilipokuwa na kona za kuchagua, alichelewa. Tusiwaamini mende hao kupita kiasi: jaribio hilo liliporudiwa na matokeo kuchapishwa mwaka 2020, ule wepesi wa njia iliyonyooka haukuonekana. Hata hivyo, kwa binadamu tofauti hiyo inafahamika. Mama anayenadi dagaa kwa Kiswahili mbele ya umati wa wanunuzi hupata moto, maneno yanamiminika. Mpe Kiingereza mbele ya umati ule ule, ulimi unakuwa mzito.

Kwa nini iwe hivyo? Akili ina mahali padogo pa kushikia mambo tunayoyafanyia kazi kwa wakati huo huo. Wanasaikolojia Alan Baddeley na Graham Hitch walipaeleza kwa kina mwaka 1974. Pachukulie kama meza ya muuza sato. Inatosha samaki wachache tu: mmoja anaparwa magamba, mmoja anapasuliwa, mwingine anasubiri. Kusema "nilinunua" kwa Kiswahili hakuchukui nafasi yoyote mezani, kwa sababu limeshazoeleka. Kwa Kiingereza, mwanafunzi lazima aweke mezani kitenzi "buy", akumbuke kwamba wakati uliopita ni "bought", aamue neno la "jana" likae wapi, huku akishikilia alichotaka kusema. Meza imeshajaa. Sasa anakuja mtu kutua tenga la pili juu yake: watanicheka, bosi wangu yumo humu, nikifuta, wataona nimefuta. Kisu ni kile kile na mkono ni ule ule, ila hapana tena pa kufanyia kazi. "Bought" aliyoijua asubuhi inadondoka chini. Juu ya skrini wenzake wanaona "anaandika...", kisha hakuna kitu.

Ndiyo maana "usiogope kukosea" haisaidii sana, kwa maoni yangu. Ni mzigo mwingine mezani: sasa anapaswa kusimamia sentensi na kusimamia woga wake pia.

Woga huu si hisia ya kufikirika. Mwaka 1986 Elaine Horwitz na wenzake walitunga kipimo chenye vipengele 33 vya kuupima kwa wanaojifunza lugha ya kigeni, na tangu hapo tafiti nyingi zimeona kwamba wenye woga mkubwa huwa na alama za chini. Kipi kinazaa kipi, hapo pana ubishi. Richard Sparks na Leonore Ganschow walidai kwamba ugumu wa lugha wenyewe ndio unaoleta woga. Huenda vyote viwili vinalishana.

Mtandao wenyewe si adui. Mwaka 1995 Richard Kern alieleza wanafunzi wa Kifaransa wa California waliojadiliana kwa kuandikiana kwenye kompyuta: walitoa sentensi mara mbili hadi nne zaidi ya walivyotoa kwa mdomo darasani, ingawa usahihi wa sarufi haukufuata kasi hiyo. Maandishi yanampa mtu muda wa kupanga. Lakini maandishi pia yanabaki, na yanapigwa skrinishoti.

Na mkimya anapata kitu, asidharauliwe. Anasoma, anasikiliza, anaokota maneno. Ila mtafiti wa lugha Merrill Swain, akiwatazama watoto wa Kanada wanaozungumza Kiingereza nyumbani lakini waliosomeshwa kwa Kifaransa, aliona walikielewa vizuri mno huku kukisema na kukiandika kukibaki nyuma. Hoja yake ya mwaka 1985 ni kwamba kuelewa peke yake hakutoshi. Sharti mtu asukumwe kutoa lugha.

Kwa hiyo admini, badala ya kuwaondoa watu, awagawe wawili wawili. Mmoja apewe bei za dagaa za Mwaloni, mwingine nauli za kuwafikisha Geita, wasionyeshane, kisha waulizane kwa Kiingereza mpaka wajue kama safari ina faida. Hapo hakuna wa kujificha nyuma yake, na macho ni ya mtu mmoja tu, ambaye naye anahangaika vivyo hivyo. Masahihisho yaende inboksi.