Vyura nao husumbuliwa na kelele

Wengi huamini kwamba kelele za magari na mashine haziwasumbui vyura: wao wenyewe ni wapiga kelele, na wakizidiwa hupaza sauti tu.

Wapo wanaoweza kupaza, lakini si wote, na kuna kikomo. Kwa kawaida anayelia ni dume, akimwita jike wa aina yake. Jike asipoutambua mlio huo katikati ya vurugu, huchelewa kumfikia au asimpate kabisa. Na kulia kunakula nguvu nyingi. Ngurumo za barabarani ni nzito, hivyo hufunika zaidi milio mizito kuliko myembamba. Baadhi ya vyura huinyanyua sauti iwe nyembamba, wengine husubiri kelele ipungue, wengine hunyamaza. Anayenistaajabisha zaidi ni chura mmoja wa vijito vya China: sehemu ya mlio wake ni sauti nyembamba mno ambayo sikio la binadamu haliisikii, nayo hupenya mvumo wa maji.

Unaweza kuchunguza mwenyewe. Usiku, simama kimya kando ya dimbwi lililo karibu na barabara mpaka vyura waanze tena kulia, kisha warekodi kwa simu lori likipita na likishapita. Rudia siku kadhaa zenye hali ya hewa inayofanana, maana mvua na joto navyo hubadilisha milio.