Kabla hujashangilia faini ya mabilioni

Kila baada ya miezi michache habari ni ile ile: kampuni kubwa ya teknolojia imetwangwa faini ya mabilioni, wachambuzi wanatangaza zama mpya, na wiki haiishi kabla watu hawajasahau. Habari hizo mimi huzisoma kuanzia chini. Tarakimu iliyokaa kwenye kichwa cha habari ndiyo inayokueleza machache kuliko yote. Cha kutafuta ni kesi imefika hatua gani, fedha ziko wapi, na zaidi ya yote kampuni imeamriwa iache kufanya nini, lini, na nani atakayeikagua.

Anza na kitenzi. "Imetozwa" si sawa na "inakabiliwa na", wala na "huenda ikatozwa". Kwenye kesi za ushindani wa kibiashara, Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya, hutoa kwanza waraka wa tuhuma. Waraka huo si hukumu. Ni barua rasmi inayoiambia kampuni inatuhumiwa kwa lipi, ili ipate kuona jalada, kusoma ushahidi na kujitetea. Kati ya waraka na uamuzi miaka inaweza kupita, na kesi nyingine huishia kwenye ahadi za kujirekebisha bila senti moja kutozwa. Lakini siku waraka unapotoka, waandishi huchukua kikomo cha juu cha sheria, wanakizidisha kwa mapato ya kampuni ya dunia nzima, na hapo ndipo linapozaliwa lile "huenda ikalipa makumi ya mabilioni".

Vikomo vyenyewe si siri. Sheria ya Ulaya ya kulinda data binafsi, GDPR, inaruhusu hadi asilimia 4 ya mauzo ya mwaka duniani kote au yuro milioni 20, ile iliyo kubwa zaidi. Sheria za ushindani zinafika asilimia 10. Sheria mpya ya masoko ya kidijitali, DMA, ni asilimia 10 pia, na 20 kwa anayerudia kosa. Hiyo ni dari tu. Kinachotozwa huwa chini yake mno. Aprili 2025 Apple ilipotozwa chini ya DMA, mapato yake ya mwaka wa fedha uliotangulia yalikuwa dola bilioni 391, kwa hiyo dari ilikuwa kama dola bilioni 39. Faini ilikuwa yuro milioni 500, yaani haikufika hata asilimia 0.2 ya mapato hayo. Mwandishi anayekupa dari bila kukupa mfano wa faini zilizotozwa kweli anakuuzia hofu au matumaini, inategemea wewe uko upande gani.

Sasa fedha. Faini ya Tume ya Ulaya inatakiwa kulipwa ndani ya miezi mitatu tangu kampuni ipokee uamuzi. Kampuni inayokata rufaa ina njia mbili: kulipa kwa muda, fedha zikae pembeni zikisubiri mahakama, au kuweka dhamana ya benki. Kwa hiyo "imetozwa" haina maana kwamba fedha zimeingia kwenye hazina ya mtu yeyote. Ireland, ambako kampuni nyingi za Marekani zina makao yao ya Ulaya, mambo ni magumu zaidi: faini ya msimamizi wa data lazima ithibitishwe na mahakama ndipo ikusanywe, na kampuni ina siku 28 za kukata rufaa. Ikishakata, ukusanyaji unasimama. Ndiyo maana jumla ya faini zilizotangazwa Ireland na jumla ya fedha zilizokusanywa ni tarakimu mbili zisizofanana hata kidogo, na takwimu za "Ulaya imekusanya mabilioni kwa GDPR" mara nyingi zimejumlisha matangazo, si risiti.

Rufaa nazo si za kupoteza muda tu. Chukua Intel, kampuni ya chipu za kompyuta. Mei 2009 Tume iliitoza yuro bilioni 1.06 kwa kuwapa watengenezaji wa kompyuta punguzo la bei ili waikwepe AMD, mshindani wake. Mwaka 2014 mahakama ya ngazi ya kwanza ya Umoja wa Ulaya ikakubaliana na Tume. Mwaka 2017 mahakama ya juu ikarudisha kesi isikilizwe upya. Januari 2022 faini ikafutwa. Septemba 2023 Tume ikarudi na sehemu ndogo iliyosalia, malipo ya kuzuia au kuchelewesha bidhaa zenye chipu za AMD, na kutoza yuro milioni 376. Oktoba 2024 mahakama ya juu ikaitupa rufaa ya Tume juu ya ile faini ya kwanza. Makosa yanayozungumziwa yalifanyika kati ya 2002 na 2007. Mshindani aliyeumia wakati ule hafaidiki chochote na hukumu ya miaka 15 baadaye. Soko lenyewe limeshabadilika sura mara mbili.

Qualcomm, kampuni ya chipu za simu, ilifutiwa yuro milioni 997 mwaka 2022, na sehemu ya sababu ni ya kiofisi kabisa: Tume haikuweka kumbukumbu kamili za mikutano na mahojiano na watu waliotoa taarifa. Google ilifutiwa yuro bilioni 1.49 ya matangazo Septemba 2024, wakati huo huo ya Android ikiwa imeshapunguzwa mwaka 2022 kutoka bilioni 4.34 hadi 4.125. Hata hivyo usikimbilie kusema kila faini huyeyuka. Septemba hiyo hiyo ya 2024 Google ilishindwa kabisa kwenye kesi ya utafutaji wa bidhaa, yuro bilioni 2.42, na Apple ikashindwa ile ya yuro bilioni 13 ya Ireland. Ya mwisho hii, kwa njia, haikuwa faini. Ilikuwa kodi ya nyuma ambayo Ireland iliamriwa kuidai, na fedha zilikuwa zimeshawekwa kwenye akaunti maalumu tangu 2018. Ukiona imeorodheshwa kwenye jedwali la "faini kubwa za teknolojia", lichukulie jedwali zima kwa tahadhari.

Kuna hesabu inayopendwa sana mitandaoni: gawanya faini kwa mapato ya siku. Inafaa, lakini inadanganya kwa urahisi. Julai 2021 Luxembourg iliitoza Amazon yuro milioni 746, sawa na dola milioni 887 hivi wakati ule. Mapato ya Amazon ya 2020 yalikuwa dola bilioni 386, kwa hiyo faini ni mauzo ya saa 20. Inachekesha. Lakini Amazon ni duka, na sehemu kubwa ya fedha hizo ni za kununulia na kusafirishia mizigo. Faida halisi ya mwaka huo ilikuwa dola bilioni 21.3, ukitumia hiyo, faini ni siku 15. Zote mbili ni kweli. Anayetaka kuidharau faini atachagua saa 20, na wakili wa kampuni atachagua siku 15. Mimi ningechagua swali tofauti: ule mtindo ulioadhibiwa uliingiza kiasi gani, na kwa miaka mingapi? Habari chache mno hujaribu hata kukisia.

Kitu kingine kinachopuuzwa ni ripoti ya robo mwaka. Kampuni iliyosajiliwa kwenye soko la hisa la Marekani inapoona hasara ya kisheria inaelekea kutokea na inaweza kukadiriwa, inalazimika kutenga fungu mapema na kulitaja kwenye hesabu zake. Aprili 2019 Facebook ilitenga dola bilioni 3 na kusema hasara inaweza kufika bilioni 5. Julai 12 ikavuja kwamba Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, FTC, imepiga kura 3 kwa 2 kuafiki dola bilioni 5. Siku hiyo hisa zilipanda. Wengi walishangaa, lakini waliosoma maelezo ya hesabu za Aprili hawakuwa na cha kushangaa: wasiwasi ulikuwa umeondoka, na wanahisa huchukia wasiwasi kuliko gharama. Kwa kipimo cha mapato ya 2018, ilikuwa kama siku 33. Na faini yenyewe iliwezekana kwa sababu Facebook ilikuwa imevunja amri ya FTC ya 2012. Bila ile amri ya zamani, mamlaka ya kutoza kiasi hicho yasingekuwepo.

Hapo ndipo tunafika kwenye kilicho muhimu, nacho ni amri. Ukurasa wa faini husomwa na kila mtu, kurasa za amri husomwa na mawakili peke yao.

Amri huharibika kwa njia mbili hasa. Ya kwanza ni kutii herufi na kuua maana. Kwenye kesi ya Epic, kampuni ya michezo ya video, dhidi ya Apple, jaji wa California aliamuru mwaka 2021 kwamba watengenezaji wa programu waruhusiwe kuwaelekeza wateja kulipia nje ya duka la Apple. Amri ilipoanza kufanya kazi Januari 2024, Apple iliruhusu kiungo, kisha ikadai kamisheni ya asilimia 27 kwa mauzo yatakayofanyika ndani ya siku saba baada ya mteja kukibofya, na ikaweka skrini nzima ya onyo mbele yake. Kamisheni ya kawaida ilikuwa asilimia 30. Mtengenezaji akijumlisha 27 na ada ya kampuni ya malipo ya kadi, hakubakiwa na sababu ya kuhangaika. Aprili 30, 2025 jaji yule yule alisema Apple imevunja amri kwa makusudi, akaikataza kamisheni hiyo, na kesi ikaenda rufani.

Njia ya pili ni kumwachia mtuhumiwa ajikague. Desemba 2009 Microsoft iliahidi Tume ya Ulaya kuwaonyesha watumiaji wa Windows skrini ya kuchagua kivinjari kwa miaka mitano. Mei 2011 skrini hiyo ikatoweka kwenye toleo lililosasishwa la Windows 7, na haikurudi hadi Julai 2012. Watumiaji milioni 15 hivi hawakuiona. Miezi 14, na ripoti za utekelezaji zilikuwa zikiandikwa na kampuni yenyewe, ambayo baadaye ilisema lilikuwa kosa la kiufundi. Machi 2013 ilitozwa yuro milioni 561.

Kwa hiyo kwenye amri yoyote natafuta mambo matatu: tarehe ya mwisho, mkaguzi wa nje mwenye haki ya kuona mifumo ya ndani, na adhabu inayohesabiwa kwa siku. Sheria za Ulaya zinaruhusu hadi asilimia 5 ya wastani wa mauzo ya siku, kwa kila siku ya ukaidi. Habari nyingi hutaja hilo kwenye aya ya mwisho au hazilitaji kabisa.

Adhabu ya siku hufanya nini? Mwaka 2004 Microsoft iliamriwa kuwapa washindani taarifa za kuunganisha seva zao na Windows kwa masharti ya haki. Ilikubali kutoa, ila kwa bei: asilimia 3.87 ya mapato ya bidhaa ya mshindani kwa leseni ya hataza (haki ya kutumia uvumbuzi wake), na asilimia 2.98 kwa taarifa zenyewe. Julai 2006 ikatozwa yuro milioni 280.5 kwa siku ilizochelewa, huku kaunta ikiendelea kuhesabu. Oktoba 22, 2007, bei ya taarifa ikawa yuro 10,000 mara moja tu, na ya hataza asilimia 0.4.