Kiti mwendo ni cha mtoto, mwacheni akiendeshe

Mtoto wa miaka mitano ameketishwa kwenye kiti mwendo cha mtu mzima. Amezama katikati, mabega yamepanda karibu na masikio kwa sababu pa kuegemezea mikono pako juu mno, na ili afikie gurudumu la kulia lazima aliachie la kushoto. Wazazi waliambiwa "atakua nacho". Sasa wanatuuliza sisi wataalamu wa utengamao, yaani wa kuwarudishia watu uwezo wa kufanya shughuli zao, kwa nini hajifunzi kujisukuma.

Hajifunzi kwa sababu hicho kiti hakisukumiki akiwa amekaa hivyo. Kabla ya kumlaumu mtoto kwa uvivu au woga, kipimeni kiti. Upana wake ulingane na nyonga za mtoto, bila nafasi ya kumwezesha kulala upande. Kati ya ukingo wa mbele wa kalio la kiti na nyuma ya goti ibaki nafasi ya vidole viwili hivi. Nyayo zilale kwenye kikanyagio, zisining'inie. Kisha tazameni mikono: akiiachia ishuke yenyewe kando ya mwili, ncha za vidole zifike karibu na ekseli, yaani chuma cha katikati ambacho gurudumu la nyuma huzungukia. Akishika juu kabisa ya ringi ya kusukumia, ile ya nje ya gurudumu, kiwiko kipinde kwa nyuzi kati ya 100 na 120. Hapo nguvu ya bega inaingia kwenye gurudumu badala ya kupotelea hewani.

Kuna suala moja la ekseli ambalo wengi hawaambiwi. Kwenye viti vinavyorekebishika, ekseli ya nyuma ikisogezwa mbele kidogo kiti huwa chepesi kusukuma na kugeuza, kwa kuwa uzito mwingi unahamia kwenye magurudumu makubwa. Gharama yake ni kwamba kiti huwa rahisi kupinduka nyuma. Kwa anayeanza tunafunga vyuma vya nyuma vya kuzuia kupinduka, tunasogeza ekseli kwa awamu, na vyuma hivyo tunaviondoa ujuzi unapokomaa. Mtoto mdogo kupewa kiti kizito cha wodini, kisichorekebishika, ni sawa na kumfundisha kuandika kwa nondo.

Mafunzo si nyongeza ya hisani. Ibara ya 20 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, inazitaka nchi kutoa mafunzo ya kujimudu katika mwendo kwa watu wenye ulemavu na kwa wataalamu wanaowahudumia. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2008 na ile ya 2023 inayahesabu mafunzo kuwa hatua ya lazima katika kumpatia mtu kiti, kama ilivyo kumpima. Hata hivyo, familia nyingi hukabidhiwa kiti, zikapigwa picha, zikaenda nyumbani.

Aanze lini? Mapema kuliko mnavyodhani. Watoto wengi huanza kutembea wakikaribia au wakipita kidogo mwaka mmoja, na kuanzia hapo hujifunza kwa kufuata wanachokitaka. Mtoto mwenye mgongo wazi (aliyezaliwa uti wa mgongo haujafunga vizuri) mwenye mikono yenye nguvu anaweza kuanza kusukuma kiti kidogo kinachomwenea kabla hata ya kutimiza miaka miwili. Wazazi huhofia kwamba akizoea kiti hatataka tena kutembea. Naielewa hofu hiyo, lakini haina msingi: mazoezi ya kusimama na kutembea huendelea, na kiti kinamwokolea nguvu ili afike anakokwenda akiwa bado ana hamu ya kucheza.

Siku za mwanzo hazihitaji somo. Tafuteni sakafu ngumu, iliyo sawa, isiyo na mteremko. Wekeni kitu anachokipenda mbali kidogo, kisha kaeni chini. Atazunguka mahali pamoja kwa sababu mkono mmoja una nguvu kuliko mwingine. Atagonga ukuta. Mwacheni augonge, kwani ndivyo anavyojua kiti chake kinaishia wapi. Cha kusimamia tangu mwanzo ni viwili tu: breki zifungwe kila anapoingia au kutoka kitini, na vidole vikae kwenye ringi, mbali na spoki. Vifuniko vya spoki ni kinga nzuri kwa wadogo.

Akishazoea, fundisheni namna ya kusukuma. Watoto wengi hulidonoadonoa gurudumu kwa misukumo mifupi ya harakaharaka, inayochosha na kwa miaka mingi huumiza mabega. Mwonyesheni ashike nyuma kidogo ya kilele cha gurudumu, asukume mbele kwa mkono mrefu, aachie, kisha mkono urudi nyuma ukipita chini ya ringi. Kugeuka ni kushikilia upande mmoja na kusukuma mwingine. Mahali pembamba, mkono mmoja unavuta nyuma huku mwenzake unasukuma mbele. Kusimama ni kuiacha ringi iteleze viganjani huku anaibana taratibu, pande zote mbili kwa kipimo kimoja.

Mteremko unakuja baadaye. Akipanda, ainamishe kifua mbele. Akishuka, aegemee nyuma na kuidhibiti ringi kwa viganja, asitegemee breki za kuegeshea. Kipimo kinachotumika sana kwa njia za mteremko ni kimo cha 1 kwa urefu wa 12. Nyingi zilizojengwa kwa kukisia ni kali kuliko hapo, na mtoto akishindwa kuzipanda tatizo ni la fundi. Kwenye mchanga au kokoto laini, magurudumu madogo ya mbele huzama. Mfundisheni ageuke apite kinyumenyume, makubwa yakitangulia.

Ujuzi unaowatisha wazazi kuliko wote ni kunyanyua magurudumu ya mbele na kusimama kwa mizani juu ya yale ya nyuma. Nausisitiza, kwa sababu bila huo kila kizingiti cha mlango ni ukuta. Aujifunze akiwa na mtu nyuma yake aliyeshika mkanda imara uliofungwa kwenye fremu, mikono ya mtu huyo ikiwa karibu na vishikio vya nyuma ya kiti bila kuvigusa. Vyuma vya kuzuia kupinduka viondolewe au vigeuzwe kwanza, maana huzuia zoezi lenyewe.

Sasa niseme kuhusu hivyo vishikio. Adui mkubwa wa uhuru wa mtoto huyu ni mikono ya watu wazima wenye huruma. Mwalimu ana haraka, shangazi ana upendo, mpita njia anataka thawabu, na wote wanasukuma bila kuuliza. Mtoto anayesogezwa kila mara huacha kuamua aende wapi. Wekeni sheria nyumbani na shuleni: kiti hakiguswi mpaka mwenyewe amekubali. Mpeni muda, hata kama kutoka darasani hadi chooni kunachukua dakika kumi. Kwa uzoefu wangu, makocha bora ni ndugu zake wadogo. Hao hawana huruma ya kumbeba, wanamtaka aje mchezoni.

Si kila mtoto atajisukuma kwa mikono miwili. Mwenye mtindio wa ubongo uliodhoofisha upande mmoja anaweza kutumia mkono mmoja na mguu mmoja, mradi kalio la kiti lishushwe hadi kisigino kikanyage sakafu vizuri. Mwingine huchoka haraka mno, naye anahitaji kiti cha umeme, au msaidizi anayefuata maelekezo yake. Huko nako ni kujitegemea: yeye ndiye anayesema "simama", "kushoto", "nisogeze dirishani".

Kwa asiyehisi makalio na miguu, hasa mwenye mgongo wazi, mto sahihi na kupunguza mgandamizo ni sehemu ya mafunzo. Ainame mbele kifua kikielekea mapajani, au aegemee upande kisha upande wa pili, angalau kila nusu saa. Jioni ngozi ikaguliwe. Wekundu usiotoweka baada ya kupunguza mgandamizo ni dalili ya kidonda kinachoanza. Asikalie sehemu hiyo, na apelekwe kliniki.

Mtoto wa miaka minane hivi anaweza kubonyeza tairi na kusema kama limepungua upepo. Apewe kazi hiyo, kwani tairi laini humwongezea mzigo kila msukumo. Watu wazima wakaze nati na kukagua breki. Angalau kila miezi sita mrudisheni kwa mtaalamu aliyempima, na msingoje miadi mkiona magoti yamepanda juu ya nyonga, nguo zinasuguliwa na gurudumu, au mtoto aliyekuwa akijisukuma ameanza kuomba asukumwe.