Bwawa Kuwekwa Daraja la Juu la Hatari Si Kuambiwa Ni Bovu

Masika yanakaribia na malalamiko ya kamati za maji ni yale yale: "Bwawa letu halijawahi kuvuja, mbona mmeliweka daraja la juu la hatari?" Sisi tunaopanga madaraja hayo tulishalijibu swali hili, tunalijibu tena. Daraja hapa ni ngazi ya hatari: chini, kati au juu. Halipimi ubovu wa tuta, yaani ukuta wa bwawa. Linauliza jambo moja: tuta likikatika, maji yatamkuta nani?

Chukua tuta la udongo la mita 6, lenye mita za ujazo 60,000 nyuma yake, katika bonde mojawapo la Mufindi. Hizo ni tani 60,000 za maji. Chini yake pakiwa na malisho na vinyungu (bustani za bondeni) tu, daraja ni la chini. Pakiwa na barabara au mtambo wa kusukuma maji, ni la kati. Zikiwepo nyumba wanamolala watu, ni la juu, hata kama tuta limeshindiliwa vizuri kuliko yote mkoani. Kwa hiyo serikali ya kijiji inayogawa viwanja bondeni ndiyo inayopandisha daraja, si sisi.

Kibali cha kutumia maji si kibali cha kujenga bwawa. Ni maombi mawili, na la pili linahitaji michoro ya mhandisi aliyeidhinishwa kwa kazi za mabwawa. Pa kuanzia ni Bodi ya Maji ya Bonde lako: Iringa na Mbarali ni Rufiji, Mbeya mjini ni Ziwa Rukwa, Tukuyu na Kyela ni Ziwa Nyasa. Kuinua tuta au utoro wa maji, yaani njia ya kutolea maji ya ziada bwawa likijaa, nako ni ujenzi. Kufanya hivyo bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, na "tuliweka viroba vya mchanga tu" si utetezi.

Hivyo viroba ndivyo vinavyotukosesha usingizi. Tuseme utoro una upana wa mita 8, na kutoka sakafu yake hadi juu ya tuta ni mita 1. Ukijaa hadi hapo unapitisha takriban mita za ujazo 13 kwa sekunde. Panga safu tatu za viroba vya mchanga, sentimita 60, ili "maji yasipotee bure": zinabaki sentimita 40, na utoro sasa unapitisha kama robo tu ya yale ya awali. Mafuriko hayatasubiri. Yatapita juu ya tuta, na udongo ukianza kulika, kazi ya miezi huisha kwa saa chache. Nyavu na uzio wa samaki utoroni hufanya vivyo hivyo.

Miti juu ya tuta ing'olewe ingali michanga. Mzizi mnene ukioza huacha njia ya maji, sawa na shimo la fuko.

Kila wiki wakati wa mvua, kagua kitako cha tuta na pale bomba la kutolea maji linapotokeza. Kinga maji yanayovuja kwa ndoo ya lita 20, hesabu sekunde, andika daftarini. Maji maangavu yasiyoongezeka yavumilie, ila mwite mhandisi ayaone. Yakitoka na tope, tuta linaliwa kwa ndani: ondoa watu bondeni kwanza, kisha fungua valvu, halafu piga simu. Siku za kawaida usishushe maji kwa pupa. Ubavu wa ndani uliolowa huporomoka maji yanapoondoka ghafla.