Kabla hujasaini: nafasi mbili zinazorukwa kwenye mkataba wa kazi

Ofa nyingi za kazi huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania huanza kwa simu: "Tunakulipa laki sita, unaripoti Chunya Jumatatu." Mtu anafunga begi. Laki sita ipi, hakuuliza.

Uliza kama hiyo ni kabla ya makato au ndiyo itakayoingia benki. Tuchukulie ni kabla ya makato na yote ni mshahara wa msingi, yaani bila posho. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua asilimia 10, yaani 60,000. Inabaki 540,000 ya kukatwa kodi: kinachozidi 270,000 hadi 520,000 hukatwa asilimia 8, na kinachozidi hapo hadi 760,000 asilimia 20. Kodi yako ni 24,000, mkononi unabaki na 516,000. Ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu? Toa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 90,000 nyingine. Laki sita imekuwa 426,000, na chumba bado hujalipia.

Halafu uliza nafasi ya kwanza inayorukwa: mshahara wa msingi ni kiasi gani. Hapa ndipo watu wengi huumia. Mwajiri anaweza kuandika msingi 300,000 na posho 300,000; jumla ni ileile, ila muda wa ziada na kiinua mgongo hupigwa kwenye msingi tu. Kwa saa 45 kwa wiki, mwezi una kama saa 195. Msingi wa 600,000 unakupa karibu 3,077 kwa saa, na saa ya ziada, ambayo hulipwa mara moja na nusu, ni 4,615. Msingi ukiwa 300,000, saa hiyohiyo ya jasho ni 2,308. Mimi ningeikubali posho ndogo kuliko msingi mdogo.

Nafasi ya pili inayorukwa ni "mahali ulipoajiriwa". Watu hudhani ni sawa na kituo cha kazi. Siyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri, ajira ikikoma mbali na ulipoajiriwa, akusafirishe wewe na mizigo yako hadi huko au alipe nauli, pamoja na fedha ya kujikimu kwa siku unazosubiri usafiri. Kinachotazamwa ni wapi mwajiri au wakala wake alikutafuta. Amekuchukua Njombe, basi iandikwe Njombe. Ikiandikwa Chunya, siku ya kuondoka kitanda, godoro na jiko la gesi utavisafirisha kwa mfuko wako.

Aina ya mkataba nayo isomwe: wa kudumu, wa muda maalumu, au wa kazi maalumu kama msimu wa chai Mufindi. Muda maalumu ukiisha, kwa kawaida na ajira imeisha. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo. Ukiona pungufu, rudisha karatasi. Na wale mnaoambiwa "uko kwenye majaribio" wakati wote: chini ya miezi sita kazini, ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo haki haukuhusu, kwa hiyo tarehe ya kumaliza majaribio iandikwe.

Kuuliza si ukaidi, ila lugha ina uzito wake. Tuma ujumbe wa maandishi, usipige simu, kwa sababu jibu lake ndilo utakaloshika:

"Shikamoo mzee. Nashukuru sana kwa nafasi. Kabla ya kusaini naomba kufahamu: mshahara wa msingi ni kiasi gani na posho ni zipi, mkataba ni wa aina gani na majaribio yanaisha lini, na mahali nilipoajiriwa pataandikwa wapi, maana mimi natokea Njombe."

Akijibu "njoo tutaongea", usiandike bado barua ya kuacha kazi uliyonayo. Anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya siku 28, na siku hizo zianze kuhesabiwa ukiwa na nakala iliyosainiwa na pande zote mbili, kila ukurasa.